Hamira na Magoti ya Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeshalala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla Ngiri hajajua kupiga magoti, wanyama wote walikunywa maji ya chemchemi moja. Bi Kuro alikaa karibu nayo kuliko wote, maana kuro, mnyama yule wa jamii ya swala, haishi mbali na maji. Akazaa mtoto wa kwanza, hana masikio. Akazaa wa pili, jicho moja jeupe. Sasa ana mimba ya tatu, na maneno kijijini hayaishi.

Ngiri akaita baraza. Ngiri huyo mtanashati, hatoki bila kujisugua unga wa jiwe la manjano aliloliokota mlimani. Anajisugua, anajitosa chemchemini, chubwi! Anatoka anang'aa.

"Mama huyu ana mkosi," akasema. "Ahame kabla hajazaa tena. Nampa siku tatu."

"Nihamie wapi na tumbo hili, shemeji?" akauliza Bi Kuro.

Ngiri akampa kisogo. Mimi hapo hasira hunipanda kila nikisimulia.

Mara chunguni kwa Kima, mpika vitumbua, kukasikika fu, fu, fu. Ni Hamira.

"Siku hizo tatu nipeni mimi," akasema.

Ngiri akacheka. "Wewe povu, unajua nini cha uzazi?"

"Nyinyi mnangoja mwaka kupata mtoto, bwana. Mimi asubuhi nina watoto, mchana wajukuu, jioni vitukuu. Kila mzazi humwandikia mwanawe mwilini namna ya kuwa, na mimi naandika kama nyinyi. Kitu kikiharibu maandishi, kwangu kitaonekana upesi. Kima, nigawe katika vigae viwili. Hiki tia uji mzito wa maji ya mvua, hiki wa maji ya chemchemi."

Kima akagawa, akafunika. Siku ya kwanza, fu, fu. Siku ya pili, fu, fu, fu. Siku ya tatu baraza likakaa, na Bi Kuro ameshafunga mzigo wake.

Kima akafunua kigae cha mvua. Watoto wa Hamira weupe, weupe, weupe, wote wamefanana na bibi yao. Akafunua cha chemchemi. Baraza zima likashika mdomo. Katikati ya weupe, doa jekundu. Hapa jekundu. Pale jekundu, na pale. Kifuniko kikamponyoka Kima, pwaa!

"Hao wekundu ni wajukuu zangu," akasema Hamira polepole. "Maandishi yao yamekosewa. Bi Kuro hana mkosi. Maji yana kitu."

Wakangoja siku tatu nyingine. Safari hii, maana unga wa Ngiri huingia chemchemini kila anapojitosa, Kima alitia maji ya mvua na unga huo, basi. Akafunua. Wekundu tele.

Kisha mke wa Ngiri akasimama.

"Baba watoto," akasema, "mimi nina mimba. Maji hayo nayanywa tangu masika."

Ngiri akapiga magoti mbele ya Bi Kuro. "Nisamehe, shemeji."

Bi Kuro akamtazama. Akafungua mzigo wake, akaenda kuwanywesha wanawe maji ya mvua. Ngiri hajaambiwa ainuke, ndiyo maana hadi leo anakula kapiga magoti.

Kwa hiyo, kabla hujamlaumu mama, pima maji. Na mdogo usimcheke, huenda ndiye anayeona mapema.

Hadithi yangu imeishia hapo, magotini pa Ngiri. Anayebisha akamtazame akila.