Maji ya Mgeni

Anayekaa mahali kwa saa chache huona mazuri tu, kwa sababu wenyeji, kwa heshima yao, humfichia mabaya. Msusi wetu hakulijua hilo, ingawa mambo mengine yote ya dunia alidai anayajua.

Mdogo wake aliolewa na mlinzi wa mnara wa taa katika kisiwa cha mbali, kinachofikiwa na boti ya watalii kila Jumamosi. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, na alikuwa ameandika barua tatu akiomba kurudi nyumbani ajifungulie kwa mama. Mumewe alikuwa radhi. Mama ndiye aliyeshuku kwamba bintiye anaikimbia ndoa.

"Nenda ukaone kwa macho yako," alimwambia msusi. "Ukikuta shida ya kweli, mlete. Ukikuta ni kudeka, mwache huko huko."

Msusi akafunga saluni, akavaa jaketi la kujiokolea pamoja na watalii kumi na saba, na saa nne asubuhi akashuka kisiwani. Akapigwa na butwaa. Mchanga ulikuwa mweupe kama unga, na bahari ilikuwa safi hata akaviona vidole vyake vya miguu. Mdogo wake alimlaki kwa tabasamu na kikombe cha maji, naye akanywa vikombe vitatu mfululizo. Kisha akaogelea mpaka akachoka. Kwa kuwa msusi hakubali chumvi imkaukie kichwani, alipokuta ndoo mbili zimefunikwa uani alijimwagia zote mbili huku akiimba. Mdogo wake alimtazama kutoka mlangoni, kisha akamletea kanga ya kujifutia. Mgeni ni mgeni, hata akiwa wa tumbo moja.

"Barua tatu za nini, mdogo wangu?" msusi aliuliza akijifuta. "Umenona mpaka miguu! Mimi nashinda wima nikinusa nywele zilizoungua, wewe uko peponi unalia?"

"Ni pazuri, dada. Sijakataa."

"Basi nitamwambia mama unadeka tu."

Mdogo mtu akageuka upande. Maneno hayo yalimchoma, lakini aliyameza.

Saa tisa honi ya boti ikalia. Msusi, jaketi mwilini, akaomba maji ya safari. Mdogo wake akasita, akaenda kisimani nyuma ya nyumba, akarudi na kikombe. Msusi akapiga funda moja, akatema.

"Haya si ya bahari?"

"Ya kisima. Ndiyo tunayokunywa yale mazuri yakiisha."

"Na yale ya asubuhi?"

"Yalishuka na boti uliyokuja nayo. Ndoo mbili, za wiki nzima."

Msusi akashika kichwa chake, nywele bado mbichi. "Nawe unayanywa haya na hali hiyo?"

"Daktari amenikataza chumvi. Lakini nifanyeje? Hii miguu si unene, dada. Imevimba."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Niliandika barua tatu."

Msusi akayamwaga maji ya kikombe mchangani. Akamshika mkono, wakateremka pwani polepole.

"Viti ni kumi na nane, majaketi kumi na nane," nahodha akawaonya. "Siongezi mtu."

Msusi akalivua jaketi lake, akamvika mdogo wake, akamlegezea kamba tumboni.

"Dada, na wateja wako je?"

"Watafunga vilemba. Shemeji atalala mnarani, mimi nitalala kitandani kwako mpaka Jumamosi. Mwambie mama mimi ndiye niliyekupandisha."

Boti ikaondoka. Msusi akabaki kwenye mchanga ule mweupe, ambao sasa ulikuwa unamuunguza nyayo, akilia kwa aibu bila kujificha. Kisha akaokota ndoo tupu, akaelekea kisimani kuchota maji yake ya wiki. Kweli waliosema hawakukosea: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.