Waranti ya Nakiete na Kitambaa cha Mkwe

Hapo zamani, tena zamani ya juzi kwa hiyo msinikodolee macho, Nakiete wa Korogwe alikwenda kununua kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuchapa mitihani ya shule za jirani, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye, mumewe Shekalaghe na mama mkwe.

Dukani, muuzaji Mbelwa akawatolea yeye na mumewe karatasi inayong'aa. "Shemeji, ongezeni waranti ya miaka mitatu. Ikifa, mnapewa nyingine. Mnalala usingizi."

"Sitaki karatasi," akasema Nakiete. "Hela hiyo ninunue feni. Chumba changu ni tanuri."

Shekalaghe akacheka. Bwana yule alipenda karatasi yenye mhuri kuliko wali. "Feni huharibika, mke wangu. Waranti haiharibiki." Akalipa. Karatasi akaifungia sandukuni pamoja na cheti chake cha ubatizo. Kuisoma? Thubutu!

Mama mkwe naye hakukubali kupitwa. Akafuma kitambaa cha maua mekundu, akakitia bitana nzito, akaifunika kompyuta kama alivyofunika redio, makochi na hata birika. Nakiete akichapa, alifunua kioo tu. Kasha la mashine lilibaki limevikwa, likivuma kwa joto. Angemwambiaje mkwe avue zawadi yake? Akanyamaza Machi, akanyamaza Aprili. Mei, wiki mbili kabla ya mitihani, mashine ikatoa moshi.

Wakaibeba wote watatu hadi dukani. Mbelwa akachomoa nyuzi nyekundu kwenye matundu ya kasha, akafunua karatasi. "Sharti la kumi na moja: isifunikwe ikiwa imewashwa. Poleni sana." Alivyoitamka hiyo pole, ungetamani kumzaba kibao.

"Mimi nilinunua kinga," akasema Shekalaghe. "Kitambaa ndicho kilichoiharibu."

"Redio yangu nimeifunika miaka thelathini, haijakohoa hata siku moja," akasema mama mkwe. "Kungekuwa na feni, wala msingenitaja."

"Feni niliitaka mimi, mkanicheka," akasema Nakiete.

"Na mdomo wa kusema kitambaa kiondolewe hukuwa nao?" akadakia Mbelwa. "Mimi niliwapa masharti yote. Nani aliwakataza kusoma?"

"Wewe ulisema ikifa tunapewa nyingine! Sharti ulilitaja lipi?" akafoka Shekalaghe.

Walimu wakawa wanapiga simu kuulizia mitihani, na mwingine akaanza kutaja mchapaji wa Muheza. Shekalaghe alikuwa na pikipiki ya kuzurura nayo. Mama alikuwa na mbuzi wawili. Nakiete alikuwa na cherehani ya marehemu mama yake. Mbelwa alikuwa na rafu nzima ya kompyuta nyuma ya kisogo chake. Kila mmoja angeweza kutoa chake mashine ilipwe, ila hakuna aliyetaka.

Haya, ninyi mnaocheka, ambao rimoti zenu bado zimo ndani ya nailoni ya dukani, nijibuni kabla Nakiete hajapoteza kazi: kati ya hao wanne, nani alistahili kuilipia mashine ile?