Ngiri Aliyeogopa Kupiga Magoti

Jambo la mwisho la kawaida ni kwamba mke wa Ngiri alisema, "Zamu yako kula." Ngiri akapiga magoti ya mbele, kama ngiri wote wanavyokula, akachimba mizizi. Alipoinua kichwa, mkewe alikuwa amelala ubavu. Hakuamka.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Majani yalikwisha, chakula kikabaki chini ya ardhi, na ngiri aliyepiga magoti haoni kitu ila vumbi. Miaka yote wawili hao walipokezana: mmoja akila, mwingine akisimama kumwangalia Fisi asije. Sasa Ngiri alikuwa mzee na peke yake. Kila alipopiga magoti alisimama tena kabla ya kutafuna. Akakonda.

Jirani yake Kanga, mjane wa siku nyingi, alikuja kutoa pole. "Shemeji, ukitaka kula niite. Mimi najua kuangalia na kupiga kelele. Sijui kingine."

Baadaye akaja Sungura.

"Babu, huyo Kanga maneno yake yanafika nchi nzima. Unajua habari zako anampelekea nani?"

"Nani?"

"Mimi sisemi. Nauliza tu kama unajua."

Ngiri hakujua. Tangu hapo, kila Kanga alipolia, alidhani anatajwa yeye. Akisalimiwa aliitika bila kugeuka. Akamkubali Sungura awe mlinzi wake.

"Chimba kwanza, utakula baadaye. Nikiita, kimbilia shimoni," Sungura alimwelekeza. "Na uingie kichwa mbele. Kuingia kinyumenyume ni mambo ya zamani, kutakuua."

Zamani mkewe alikuwa akitangulia kuingia, kisha Ngiri akifuata kinyumenyume, meno yake marefu yakielekea nje. Lakini alitii.

Siku saba mfululizo, mizizi ilipokuwa lundo la kutosha, Sungura aliita, "Fisi!" Ngiri alijitupa shimoni kichwa mbele, akabaki gizani asione nje. Akitoka, hakuna mizizi.

"Siku hizi Fisi anakula mizizi?"

"Ukame, babu. Hata mimi nashangaa."

"Na Kanga hakupiga kelele."

"Umeona sasa? Fisi anapita mbele yake, yeye kimya."

Siku ya nane Sungura aliita tena. Ngiri alikimbia, lakini mlangoni alisimama, akasogea pembeni kumpisha mkewe. Yalikuwa mazoea tu. Akangoja kidogo. Hakupita mtu. Basi akaingia kinyumenyume, kama zamani, na kwa hiyo akauona uwanja wote. Fisi hakuwapo. Sungura alikuwa akikusanya mizizi, akiimba kwa sauti ndogo.

Ndipo Kanga alipopiga kelele juu ya kichuguu chake, na kichakani akatokea Fisi.

"Siku nane nasikia jina langu," Fisi alisema. "Nimekuja kuuliza mnaniitia nini. Kama ni chakula, samahani kwa kuchelewa."

Sungura aliiangusha mizizi, akakimbilia shimo. Meno ya Ngiri yalikuwa yamejaza mlango.

"Babu, nipishe. Nyuma yako kuna nafasi."

"Ina mwenyewe," alisema Ngiri.

Sungura akageuka kukimbia. Fisi alibaki na mkia mdomoni, akautafuna, akaona hautoshi, akamfuata mwenye mkia. Upande ule Sungura hakuonekana tena.

Asubuhi iliyofuata Ngiri alikwenda mpaka kwenye kichuguu cha Kanga.

"Shemeji," alisema, "nilikuwa siitiki vizuri."

"Nilisikia."

"Utaangalia mpaka lini?"

"Mpaka ushibe. Kisha nawe utaniangalizia, nidonoe."

Ngiri akamgeuzia mgongo, akapiga magoti, akaanza kuchimba. Aliinua kichwa mara moja, kisha mara ya pili. Mara ya tatu hakuinua.