Kiti cha Usiku wa Matokeo

Ngrii.

Simu hiyo ililia mlio mmoja tu usiku ule, kwa sababu Lutengano hakuiacha ilie mara ya pili. Hilo lishikeni. Nami nirudi nyuma kidogo niwaoneshe waliokuwa chumbani, maana hukumu ya hadithi hii ni yenu, na hakimu sharti awajue watu wake.

Palikuwa na kituo cha televisheni, na nchi ilikuwa inaelekea uchaguzi mkuu. Kituo kilichukua vijana watatu kwa mkataba wa muda, na kila mmoja alikuja na kipaji chake.

Lutengano alikuwa na sikio. Mpigie simu kutoka sokoni, kutoka msibani, kutoka ndani ya tangi la maji, atakwambia uko wapi na kama unadanganya. Simu zote za mikoani yeye ndiye aliyezipokea.

Mwanahawa alikuwa na jicho. Mbele yake palisimama ukuta wa skrini, kila skrini na kamera yake, na kabla wewe hujajua utazame wapi, yeye alikwisha kuchagua picha ambayo nchi nzima ingeitazama.

Nyamizi alikuwa na sauti. Angekusomea bei ya vitunguu, ukasahau kijiko hewani.

Mkuu wao, Bwana Kaijage, alikuwa na kiti. Kilikuwa kiti chekundu, katikati ya chumba cha kuongozea matangazo. Anayekikalia usiku wa matokeo ndiye anayeamuru sauti ipi itoke na picha ipi ionekane.

"Kiti ni cha mmoja wenu," aliwaambia, "na pamoja na kiti, ajira ya kudumu. Wawili watakaobaki, uchaguzi ukiisha, nao wameisha."

Alisema hivyo akicheka. Wao hawakucheka.

Alikuwepo na mtu wa tano, dereva. Jina lake kwa sasa nalificha, na mtaona kwa nini. Vijana walimwita Mjomba. Kila usiku aliwarudisha makwao, na hakugeuza gari mpaka mlango ufunguke na ufungwe, taa za gari zikimulika kizingiti.

"Mheshimiwa ameingia?" angeuliza kupitia dirishani.

"Nimeingia, Mjomba."

Ndipo huondoka.

Kura ya Jumapili ilipokaribia, Bwana Kaijage akaandaa zoezi. Usiku mzima studio ingeendeshwa kana kwamba kura zinahesabiwa: wagombea wa kubuni, matokeo ya kubuni, na hakuna neno la kutoka nje ya jengo. Walinzi, wahasibu na madereva walipewa kazi ya kupiga simu na kuleta majanga ya uongo. Mjomba alipewa kazi mbili: kupiga simu hizo, na kuendesha gari lenye kamera hadi nje ya mji, ili ijulikane kama picha zinafika.

"Sheria ni moja," alisema Bwana Kaijage. "Atakayetetereka, asahau kiti."

Mwanahawa aliinua mkono. "Na likitokea la kweli, mkuu? Tutajuaje?"

"Usiku wa matokeo nani atakuja kukwambia hili la kweli, hili la uongo? Mtajua wenyewe." Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.

Zoezi likaanza. Mjomba ndiye aliyewavunja mbavu. Alipiga kwa sauti ya kikongwe: "Mwanangu, wamenipaka wino kidole cha mguu! Sasa nitavaaje kiatu?" Akapiga tena kwa sauti ya msimamizi wa kituo aliyelewa, akihesabu kura na kuku pamoja. Lutengano alicheka hadi akafuta machozi.

Kisha mlinzi wa getini akapiga, analia. "Kituo kinaungua, kuna watu ndani! Hili si zoezi, jamani, si zoezi!" Lutengano aliruka, kiti chake kikaanguka. Spika ya ukutani ikaunguruma kwa sauti ya Bwana Kaijage: "Umetetereka, Lutengano. Ukirudia, mlango unaujua."

Baada ya hapo ndipo ikaja simu ile ya mlio mmoja.

"Lutengano, ni mimi. Gari limepinduka, hapa daraja la Ngaluka. Mguu umebanwa. Damu, baba, damu nyingi. Leteni gari."

"Bibi wa wino! Umerudi?"

"Si zoezi, baba."

Sikio la Lutengano lilisikia maji yakipita chini ya daraja. Lilisikia pumzi inavyokwama, inavyovutwa, inavyokwama tena. Lilisikia yote. Naye akajiambia, mzee huyu ana kipaji. Akamjibu kama alivyofundishwa: "Taarifa yako imepokelewa. Asante kwa kutuamini." Akakata, akaipeleka mbele.

Mwanahawa alitafuta skrini ya gari lile, akaiona. Majani yaliota kutoka juu kwenda chini. Katikati ya majani palikuwa na mkono, unafunguka, unafumba, unafunguka. Pembeni kulikuwa na nusu ya uso. Kidole chake kilikaribia kitufe cha kumwita Bwana Kaijage. Akakumbuka alivyojibiwa alipouliza. Akakumbuka kiti. Akakata uso, akabakiza mkono, kama sheria za kazi zinavyotaka, akairusha picha.

Nyamizi aliuona mkono ule kwenye skrini iliyo mbele yake. Ulikuwa mkono uliompungia kila usiku kutoka dirishani. Akaigeuza kwikwi iliyompanda ikawa kituo kizuri kabisa kati ya sentensi mbili, akasoma: "Gari la kituo hiki limepinduka katika daraja la Ngaluka. Dereva amejeruhiwa vibaya. Jina lake tunalihifadhi mpaka ndugu zake waarifiwe. Sasa tuendelee na matokeo."

Na wakaendelea na matokeo.

Kulipokucha walikaa kwenye chai, wamechoka, wanataniana kwa meno makali.

"Kiti ni changu," alisema Lutengano. "Ile ya darajani, bila sikio langu mngeipata wapi?"

"Wewe ulisikia hewa tu. Mimi ndiye niliyeifanya iaminike," alisema Mwanahawa. "Bila ule mkono ingekuwa porojo."

"Porojo na picha zisizosomwa, vyote taka," alisema Nyamizi. "Mimi ndiye niliyeipitisha bila kutikisika. Muulizeni mkuu."

Mkuu akaingia. Hakuketi.

"Mjomba wenu amefariki. Watu wa lori lililopita darajani wamemkuta alfajiri, bado ana joto. Daktari anasema angefikiwa mapema, angepona."

Chai ikabaki vikombeni. Kisha yale yale waliyojisifia wakaanza kutupiana.

"Wewe ndiye uliyesikia!" alisema Mwanahawa.

"Wewe ndiye uliyeona!" alisema Lutengano. "Uso ulikuwa mbele yako, ukaukata!"

"Na huyu akasoma," wakasema wote wawili, wakimgeukia Nyamizi. "Ungenyamaza tu, mkuu angetoka ofisini."

Nyamizi alimtazama Bwana Kaijage. "Na wewe? Ulisikia tukitangaza janga ambalo hukulipanga."

"Nilidhani mmelibuni wenyewe," alisema. "Nikasema, vijana wameiva." Akatazama dirishani. "Mkewe yuko mapokezi. Hajui kitu. Usiku wa matokeo mtakutana na mambo kama haya, kwa hiyo sikilizeni. Atakayeshuka akamwambia bila kutetereka, kiti ni chake."

"Bwana Kaijage," alisema Mwanahawa polepole, "na hili nalo ni zoezi?"

"Kila kitu ni zoezi mpaka Jumapili."

Walishuka wote watatu. Kama ni kwa huruma au ni kwa kiti, mimi siwezi kuwaambia. Bwana Kaijage alibaki ngazini, anawatazama.

Mwanamke alikuwa amesimama, sweta la kiume mkononi.

"Waheshimiwa," alisema, maana mumewe alimzoesha kuwaita hivyo. "Jana kaondoka bila sweta, huyu mtu. Lutengano, mwanangu, hajapiga simu?"

"Alipiga, shangazi."

"Mwanahawa, umemwona?"

"Nimemwona, shangazi."

"Sasa mbona mmenisimamia hivyo, kama watu wa serikali? Nyamizi, sema wewe."

Nyamizi alifungua kinywa, na kilichotoka, Mungu amsamehe, kilitoka kwa sauti ile ile ya studio: "Jina lake tunalihifadhi mpaka ndugu zake waarifiwe."

Sweta likaanguka. Mwanamke hakulia. Alisogea mpaka akawa uso kwa uso naye.

"Ndugu yake ni mimi," alisema. "Litaje."

Hapa nawageukia ninyi mliosikiliza. Kama si sikio, habari isingefika. Kama si jicho, isingeaminika. Kama si sauti, isingepita. Hakuna hata mmoja aliyetetereka usiku, na hata sasa, mbele ya mjane, wamesimama wima wote watatu. Ngazini yupo mtu anayehesabu hilo kuwa sifa. Kiti ni kimoja, kiko wazi, na Jumapili nchi nzima itamtegemea atakayekikalia. Je, wewe ungemkalisha nani? Na kama ungekuwa mwanamke yule, ungemtaka nani akikalie?

Amueni. Mimi namwachia Nyamizi amalize, maana midomo yake imeanza kutetemeka, na kwa mara ya kwanza hajui pa kuweka kituo.

"Ausi," alisema. "Ausi Mtepa."