Ngiri na Chuo cha Mwambani

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mto ukabaki njia ya vumbi, na vyura wakasahau kuogelea. Anayebisha akamuulize Kobe. Yu hai, na mpaka leo analalamika.

Kijana Ngiri alikuwa akisoma Chuo cha Bondeni kwa Mwalimu Muhanga. Huko somo lilikuwa moja tu: kuchimba mpaka maji yapatikane. Shimo lake lilikuwa limeshafika kwenye udongo wa baridi, na nyumbani mama yake, ulimi umekauka, alingoja tone la kwanza.

Ndipo Fisi akatokea, kavaa joho, tumbo limetangulia.

"Mwanangu, kichwa chote hicho unakizika shimoni? Hamia Mwambani, kwa Mheshimiwa Simba! Mimi mwenyewe nimehitimu pale. Ukipita, watu wanasimama."

"Wanafundisha nini?"

"Kunguruma."

"Na maji?"

"Msomi wa Mwambani hachimbi maji, bwana. Analetewa."

Hakusema kwamba kwa kila mwanafunzi anayempeleka, Simba humtupia mfupa wenye nyama. Wala hakusema kwamba anayehamia Mwambani, hata awe ametoka wapi, huanzia mwaka wa kwanza.

Ngiri akaenda kwa mama yake. "Mama, nihame?"

"Marehemu baba yako aliitwa Ngiri mpaka anazikwa," mama akasema. "Wewe ungeitwa Msomi. Ningetembea nimevimba! Ila, mwanangu, nina kiu."

Jibu hilo likamchanganya zaidi. Akamwendea Sungura, ambaye hakusoma popote lakini hushauri kila mtu.

"Usihame kabla hujaona mahafali yao," Sungura akamwambia, kisha akamfuata Fisi mbio.

"Kaka Fisi, bado uko huku? Leo Mwambani wanafanya mahafali, na nyati mzima kaangushwa! Wahitimu wa zamani ndio wanaokula kwanza. Ila desturi yao unaijua, kila mmoja hunguruma kidogo mbele ya wageni."

"Nyati mzima?"

"Na maini yake."

Fisi hakusikia habari ya kunguruma. Nyati alikuwa ameshamjaa masikio yote mawili.

Walipofika, Ngiri naye akiwafuata nyuma, Fisi aliipita foleni yote, akapanda juu ya mwamba, mate yakimtiririka.

"Nguruma, mhitimu wangu," Simba akasema kwa madaha.

Fisi akafumbua kinywa. Kikatoka kile kicheko chake, hii-hii-hii!

Wageni wakaanguka kwa kucheka. "Kumbe ndiyo elimu ya Mwambani hii!" Pundamilia akapiga kelele.

Manyoya ya shingo yakamsimama Simba. "Ukisema umesoma hapa, umeniaibisha. Ukisema hukusoma, umenidanganya. Haya, sema!"

Fisi akamtazama nyati, akamtazama Simba. "Mheshimiwa, mimi... mimi nahamia. Ndiyo kwanza nimefika."

"Basi karibu mwaka wa kwanza. Anzia nyuma ya sikio."

Fisi akainama, akaanza kumng'oa Simba kupe mmoja mmoja, huku wenzake wakitafuna maini.

"Mwaka wa kwanza ndio huo?" Ngiri akanong'ona.

"Wa pili ni upande wa mkia," Sungura akamjibu.

Ngiri hakungoja pilau wala hotuba. Alirudi mbio shimoni, akachimba mpaka udongo ukalia chubwi, na maji yakapanda. Mama yake akanywa mpaka akapiga chafya.

Habari zikaenea. Wakaja wasomi wa Mwambani, wameyashika majoho yasiingie tope. Mwisho akaja Simba, koo limemkauka hata kunguruma hawezi, na Fisi nyuma yake, bado kwenye kupe.

"Kijana, umesoma chuo gani?"

"Bondeni, Mheshimiwa."

"Nilijua tu! Nilikuwa nakufikiria uje kwangu uwe mhadhiri."

Mama Ngiri akajifuta maji kidevuni. "Mheshimiwa, kunywa kwanza, mambo ya chuo mtazungumza baadaye. Foleni inaanzia kule, nyuma ya Punda."

Simba akaenda akapanga foleni. Basi nawe ukiambiwa uhamie chuo kikubwa, usiulize ni nani atakayesimama ukipita. Uliza mwaka wa kwanza wanafanya kazi gani.