Malkia wa Maji Moto

Hapo zamani, bibi za bibi zetu wakiwa bado watoto wasiojua kusuka mkeka, palikuwa na kijiji kiitwacho Kitaleni, na Kitaleni minazi ilikuwa mingi kuliko watu. Juu ya minazi hiyo waliishi maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kufanya viota, ambao wakikuuma unadhani umemwagiwa uji unaochemka. Watu waliwachukia. Waliwachukia wakati wa kukwea, waliwachukia wakati wa kuteka maji, na waliwachukia hata wakiwa wamejilalia, kwa kukumbuka tu.

Akaja kukaa kijijini hapo mwanamke aitwaye Kazija. Mumewe alikuwa amempa talaka, naye akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na mkeka mmoja. Wifi yake alimpokea vizuri. Akamwonyesha pa kulala, kisha akamwonyesha ndoo. Tangu siku hiyo kuteka maji kukawa kazi ya Kazija, na kisima kilikuwa chini ya mnazi, na mnazi ulikuwa na kiota.

Siku ya saba, shingo ikiwa imevimba, Kazija alimwendea Pandu. Pandu alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya watu wote wa Kitaleni, na yeye mwenyewe hakuwa na mnazi hata mmoja.

"Kaka Pandu," alisema Kazija, "nichomee kiota kile cha kisimani. Kimoja tu."

Pandu akafunga makuti makavu kwenye mti mrefu, akayawasha, akachoma. Kimoja tu. Jirani wa kwanza akaona, akataka na chake kichomwe. Jirani wa pili akaona, naye akataka. Sheha Dadi, mkuu wa kijiji, akaagiza vichomwe vyote ili asionekane anapendelea. Mwezi ulipokwisha, Kitaleni hapakuwa na maji moto hata mmoja. Watu wakamsifu Pandu, naye akasifika.

Msimu uliofuata vidaka vikaanza kuanguka. Nazi zile changa, ndogo kama ngumi ya mtoto, zilianguka kabla hazijawa dafu. Zilianguka asubuhi, zilianguka jioni. Wengine walisema ni mwezi. Wengine walisema ni husuda ya watu wa Chokaani, kijiji cha ng'ambo ya bonde la mpunga. Akachinjwa mbuzi, akaliwa, na vidaka vikaendelea kuanguka.

Kazija ndiye aliyekuwa akifagia ua wa kaka yake, na kila asubuhi alizoa vidaka pakacha zima. Akawa anaviangalia. Kila kidaka kilikuwa na doa jeusi, kana kwamba kimedungwa sindano. Siku moja akamwona mwenye sindano: mdudu wa rangi ya udongo, mfano wa kunguni, amekaa juu ya kidaka ananyonya. Kazija akavuka bonde mpaka Chokaani, akaangalia chini ya minazi ya huko. Pasafi. Akaangalia juu. Maji moto.

Alimjua aliyesema "kimoja tu".

Akaenda kwa Sheha, akamweleza kwamba maji moto ndio waliokuwa wakiwala wale kunguni. Hilo la kiota cha kwanza hakulitaja. Sheha akamtuma Pandu Chokaani, Pandu akaomba viota viwili, akavileta ndani ya gunia, akavitundika minazini. Maji moto wakakaa mwezi mmoja. Wakapungua. Wakaisha.

Kazija akarudi Chokaani kumuuliza Bi Time, mwenye minazi iliyotoa vile viota. Bi Time alikuwa anachagua mchele, na hakuacha kuchagua.

"Mmechukua watumishi, mama mmemwacha," alisema. "Mama yuko katika kiota kimoja kati ya mia, na kipi, hata mimi sijui. Subirini masika. Mvua kubwa ya kwanza ikishapiga, hesabuni siku tatu au nne. Jua likitoka na upepo ukatulia, wenye mabawa watapanda kuoana angani, kisha majike wataanguka. Ukimwona bado ana mabawa, mwache, yuko safarini. Tafuta aliyeyavua. Huyo ameshaolewa na ana mayai."

"Nitamjuaje, Bi Time?"

"Ni mkubwa kuliko wote. Rangi yake kama jani la mgomba linaloanza kukauka. Na usimshike kwa vidole. Akibanwa, basi tena."

Kazija akayapeleka maneno hayo kwa Sheha, na Sheha akakusanya watu, akawaeleza jinsi mama huyo, malkia wa maji moto, anavyojulikana. Pale kijijini palikuwa na shamba la marehemu Bi Ruzuna, minazi arobaini na nyumba ya mawe. Bi Ruzuna hakuwa na mrithi, na kabla ya kufa aliacha neno mbele ya mashahidi: shamba lisigawanywe, apewe mtu mmoja atakayekifaa kijiji. Sheha akasema, "Atakayewarudisha maji moto, shamba lile ni lake."

Kazija alilisikia neno hilo akiwa amesimama nyuma ya wifi yake. Wiki hiyo wifi alikuwa ameanza kumuuliza, kwa upole, kama kwa mjomba wake hakuna nafasi.

Masika yakaja. Mvua ikapiga usiku kucha na mchana kutwa. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Jua likatoka, upepo ukalala, na wenye mabawa wakaonekana hewani, wakitokea upande wa Chokaani, kama makapi ya mpunga unaopepetwa. Kazija akatoka na kifuu cha nazi, ndani yake jani bichi. Akatafuta uani, akatafuta njiani, akatafuta kwenye nyasi za mpakani. Aliowaona zaidi ni kuku. Kuku wa Kitaleni hawakuwa wamehudhuria mkutano wa Sheha. Kila jike lililoanguka, kuku alifika kwanza. Kazija akawafukuza kuku wa kaka yake, akawafukuza kuku wa jirani, akatukanwa na jirani, akashuka bondeni kutafuta pasipo na kuku.

Wakati huohuo Mzee Ngwali alikuwa anakwenda msikitini. Mzee huyu alikuwa mshonaji wa kofia mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka, na sasa aliishi peke yake kwa kuletewa sahani na majirani. Katika miaka thelathini hakuwahi kukosa sala ya Ijumaa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe, na hatua kumi kabla ya mlango, kitu kikamwangukia kifuani.

Akainamisha macho. Kilikuwa kikubwa, rangi ya jani la mgomba. Kikajisugua, bawa moja likadondoka. Kikajisugua tena, la pili likadondoka.

Mzee Ngwali akaitazama mikono yake ikitetemeka. Akamtazama kuku aliyekuwa chini anakitazama kifua chake. Akamtazama kunguru aliyekuwa ukutani anamtazama kuku. Basi akasimama. Ikaadhiniwa, amesimama. Hotuba ikasomwa, amesimama. Watu wakasali, wakatoka, wakamkuta amesimama.

"Mzee Ngwali, mbona hukuingia?" imamu alimuuliza.

"Nimekaliwa," alisema Mzee Ngwali bila kufungua sana mdomo.

Wakamfukuza kuku, wakamfukuza na kunguru, wakatuma mtu amwite Kazija. Kazija alikuwa mbali bondeni. Alipofika ilikuwa inakaribia alasiri, na kanzu ya mzee ilikuwa imeloa jasho kama ametolewa kisimani. Kazija akaliweka jani mbele ya malkia, akangoja. Malkia akalipanda mwenyewe. Kazija akamfunika kifuuni kwa jani la pili, akafunga kwa uzi wa ukindu.

"Chini hapa hawezi kulala," alisema Pandu, aliyekuwa miongoni mwa waliotoka kusali. "Nyenyere, hawa chungu weusi wa ardhini, watammaliza kabla ya magharibi. Nipe nimpandishe."

Akakivaa kifuu shingoni, akatia kitanzi cha kamba miguuni, akaukwea mnazi wa kisimani, uliokuwa mrefu kuliko yote. Alipofika katikati, ukindu ukalegea. Malkia akatoka, akapanda shingoni, akapanda kidevuni, akaanza kuvuka mdomo kwenda upande wa pili, ambako hapakuwa na kitu ila hewa. Mikono yote miwili ya Pandu ilikuwa imekumbatia mnazi. Pandu akafungua mdomo. Malkia akaingia. Pandu akafunga.

Waliokuwa chini walidhani anapiga miayo.

Nusu ya pili ya mnazi Pandu aliikwea huku malkia akimuuma ulimi. Akafika kileleni, akamtoa taratibu baina ya majani mawili machanga, akashuka. Siku tatu alizungumza kama mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Mkewe alisema zilikuwa siku za utulivu.

Kisha wakangoja. Kazija hakungoja bure. Kila juma alimpa Pandu matumbo ya samaki ayapandishe, na maji moto wa kwanza walipotokea, wachache wa kuhesabika, alimwomba afunge kamba kutoka mnazi hadi mnazi ili wavuke juu wasikutane na nyenyere. Kamba alizisokota yeye, kwa makumbi ya nazi, mpaka viganja vikawa vigumu kama vya mkwezi. Mwaka wa kwanza kikashonwa kiota kimoja. Mwaka wa pili viota vikafika minazi sita. Mwaka wa tatu vikaenea, na vidaka vikakaa juu, vikawa dafu, vikawa nazi. Watu wakaanza tena kuumwa shingoni, na hakuna aliyelalamika, angalau si kwa sauti.

Sheha Dadi akakusanya watu ili shamba la Bi Ruzuna lipate mwenyewe.

Kwa kuwa ni mkubwa, Mzee Ngwali alianza. "Watu wote mlikuwa mnatafuta siku ile," alisema. "Mimi sikutafuta, nikapewa. Ningejikung'uta kanzu ningewahi sala yangu, na malkia angekuwa tumboni mwa kuku. Ijumaa ile mimi siipati tena. Sina mke, sina mtoto, na sahani ninayoletewa siku hizi inaletwa imepoa."

"Nimesikia," alisema Sheha.

Pandu akasimama. "Kwenye jani alikuwa kwa Kazija, kwenye kanzu alikuwa kwa mzee, lakini kule juu alikuwa kwangu mimi peke yangu. Ningetoa mkono mmoja kumshika, ningeanguka. Ningefunga mdomo, angeanguka yeye. Na wala sisemi kuhusu ulimi. Nimewakwelea nyote, baba zenu na nyinyi, na watoto wangu wananiuliza mnazi wetu ni upi."

Kaka yake Kazija, aliyetaka shamba liangukie upande wa nyumba yake, akauliza, "Lakini wewe si ndiye uliyevichoma? Nani alikutuma kuchoma kile cha kwanza?"

Pandu akatazama chini. "Ni zamani," alisema. "Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Kazija alimtazama, akaona kwamba hata kumgeukia hamgeukii.

"Nimesikia," alisema Sheha.

Zamu ya Kazija ikafika. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu usiku. Akaeleza habari ya doa jeusi, akaeleza alivyovuka bonde, akaeleza masharti ya Bi Time na kamba za makumbi. "Bila mimi," alisema, "yule malkia angekuwa mdudu tu juu ya kanzu, na Mzee Ngwali angemkung'uta." Watu wakaitikia kwa vichwa. Wifi yake aliitikia kuliko wote. Hapo maneno aliyoyapanga yalikuwa yamekwisha, na alipaswa kukaa.

Hakukaa.

"Kiota cha kwanza ni mimi niliyemtuma Pandu," alisema. "Nilimwambia kimoja tu. Basi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Aliyeharibu hawezi kupewa zawadi kwa kutengeneza."

"Na cha pili kilikuwa cha nani?" aliuliza Pandu.

Mtu yule akajikunyata nyuma ya jirani yake, kwa kuwa cha pili kilikuwa chake.

Mzee Ngwali akainua mkono wake unaotetemeka. "Mimi nilimpa Pandu makuti ya kuchomea," alisema. "Kwa kuwa tunasema."

"Nimesikia," alisema Sheha. Akaomba maji, akanywa, akaomba tena. Kisha akasema atatoa uamuzi kesho. Kesho ilipofika, akasema kesho.

Nyumba ya mawe bado imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa Sheha. Nazi za Bi Ruzuna zimekauka juu, zinaanguka zenyewe, na hakuna ruhusa ya kuziokota mpaka mwenyewe ajulikane. Kazija bado analala kwa wifi yake, Ngwali bado anakula chakula kilichopoa, Pandu bado anakwea minazi ya watu.

Nanyi mlioketi hapa mmewasikia wote watatu kama Sheha alivyowasikia, na hakuna aliyewaficha neno. Yupo aliyejua, yupo aliyesimama, yupo aliyefungua mdomo. Sheha amechoka na ufunguo ni mmoja. Je, angewapa nyinyi, mngemkabidhi nani?