Kwa Nini Kiapo Huliwa

Kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, uweke chini kwanza, maana habari hii ni ya kula na sitaki mtu apaliwe katikati yake.

Zama za mababu wa mababu zetu, kula kulikuwa na kazi moja tu. Chakula kiliingia mdomoni, kikatafunwa, kikashuka, basi. Hakuna aliyekula njama, hakuna aliyekula hasara, wala kiapo hakikuliwa. Kiapo kilisemwa tu. Mtu alinyanyua mkono, akataja mbingu na ardhi na kaburi la babu yake, kisha akaenda zake kuota jua. Mwizi aliapa sawasawa na asiyeiba, na wote wawili wakalala fofofo.

Katika enzi hizo, kijijini Magungu, upande wa mlima usiopata mvua, aliishi mjane mmoja jina lake Nanzia. Mvua ilikuwa imewanyima miaka mitatu. Watu walichimba mizizi, wakachemsha ngozi za vigoda walivyokalia, wakazika wazee na watoto. Lakini mbegu hawakuzigusa. Mtama wote wa mbegu ulitiwa katika kihenge kimoja kikubwa, kikapu ambacho watu wawili wasingeweza kukikumbatia, mdomo ukazibwa kwa udongo, kikawekwa nyumbani kwa Nanzia. Walimchagua yeye kwa sababu hakuwa na mume wa kumshawishi wala ndugu wa kumwomba. Kila mwezi ulipoandama, wazee watatu wakiongozwa na Mrutu walikuja kukagua. Mlinzi alitoka nje, wazee wakaingia peke yao, wamejitanda migolole, zile shuka zao ndefu, wakafungua, wakatazama, wakaziba upya. Ndiyo desturi ilivyokuwa, na nani wa kuwauliza wazee?

Sheria ya mbegu ilikuwa fupi. Aliyegusa hata punje alifukuzwa kwenda nyikani, yeye na kila aliyemlisha punje hiyo, bila moto na bila kibuyu cha maji. Hakuna aliyewahi kurudi kutoka huko. Fisi wa nyika ile walinenepa wakati watu wanakonda.

Sasa nisikilizeni hapa. Nanzia aliigusa ile mbegu.

Mwaka wa pili wa njaa, mwanawe wa kiume alilala mkekani siku nne bila kufumbua macho. Mama gani angevumilia? Alitoboa ule udongo kwa ncha ya mwiko, akachota konzi moja ya mtama, akaziba. Uji haujachemka, mtoto akakata roho. Nanzia alilia na upindo wa nguo yake mdomoni ili majirani wasisikie, kisha uji ule akamnywesha bintiye Namche, mtoto pekee aliyembakia. Namche akaishi. Lakini mama yake hakupata raha tena. Mtu akipiga hodi, moyo unamruka. Wazee wakija kukagua, yeye husimama uani akingoja waseme wameliona lile tundu. Hawakusema kitu, na hilo nalo lilimtisha.

Hatimaye mvua ikanyesha. Kijiji kizima kikakusanyika uani kwa Nanzia, watu wakicheka na machozi yakiwatoka. Mrutu akavunja udongo. Juu kulikuwa na mtama mwekundu, mzuri. Akachota, akachota tena, na mkono wake ulipozama hadi kwenye kiwiko ukatoka na makapi. Wakakimwaga kihenge chote. Makapi matupu hadi chini.

Lo! Wanawake walishika vichwa. Kila mtu akaanza kuapa kwa sauti, mbingu zikatajwa, makaburi yakatajwa, na viapo vyote vikawa sawa. Nanzia naye aliapa, ila sauti yake ilikatika njiani na watu waliisikia ikikatika. Mrutu aliisikia kuliko wote.

"Mlinzi ni mmoja," alisema taratibu. "Lakini tusimwonee mtu. Tupeni siku moja sisi wazee tushauriane."

Wale watatu wakaingia nyumbani kwa Mrutu, mlango ukafungwa kutwa nzima. Walipotoka, Mrutu alitangaza jambo ambalo hakuna sikio lililopata kulisikia. Kiapo hakitasemwa tena kikaishia hewani. Kitapikwa. Utasongwa ugali wa sehemu ya ule mtama kidogo uliosalia, uchanganywe na udongo wa makaburi ya waliokufa kwa njaa, na kila mtu mzima atamega tonge, atasema, "Sikugusa hata punje," kisha atameza. Mwongo, wafu watamtambua kutoka ndani ya tumbo lake, na siku ya tatu haioni. Asiyetaka kula, huyo ndiye mwizi.

Asubuhi udongo ulichotwa katika makaburi saba. La saba lilikuwa la mwana wa Nanzia.

Vikaletwa vyano viwili, sahani zile pana za mti. Kimoja cha wazee, kimoja cha watu wengine, kama ilivyo katika kila karamu, na hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo. Wazee walikula kwanza, wakasema maneno yao, wakameza, wakajifuta midomo. Kisha watu wakapanga mstari. Ulikuwa mstari wa kimya. Ulisikia mchanga ukisagika menoni, kr, kr, kr. Hata wasio na hatia midomo iliwakauka, wakameza macho yamewatoka, mmoja akashika koo na kila mtu akaruka nyuma. Alikuwa amepaliwa tu, maskini.

Nanzia alikuwa wa mwisho. Namche alikuwa ameshika upindo wa nguo yake. Akila na kusema hakugusa, mwanawe mwenyewe aliyemo ndani ya tonge atamshuhudia mama yake akidanganya, na siku ya tatu Namche atabaki yatima. Akikataa, ni nyika kwa wote wawili. Akameza mate, mate hayakuwepo. Alisimama mbele ya chano kile akatamani ardhi ipasuke.

"Jamani," alisema, "mimi siwezi kusema sikugusa. Niligusa. Konzi moja, mwanangu alipokuwa anakufa. Uji haukumkuta. Nikampa huyu."

Uwanja ukalipuka. Mwizi! Ndiye huyo! Mrutu alitabasamu kabla hajajizuia.

"Bado sijala," Nanzia alisema, akamega tonge. "Konzi moja. Kama nilichukua ya pili, mwanangu aliyemo humu anikatae." Akatia mdomoni. Tonge lilishuka polepole, likamkwaruza koo lote. Aliposhusha pumzi alikibeba kile chano, akaenda kupiga magoti mbele ya wazee.

"Baba zangu, naomba nanyi mle hapa. Sisi sote tumesaga mchanga kwa meno, kila mtu amesikia. Nyinyi mlipokula sikusikia kitu."

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli, na kila mmoja aliikumbuka kwa wakati mmoja.

"Lini mwanamke akala chano kimoja na wazee?" Mrutu aliuliza, akangoja watu wacheke. Hakucheka mtu. Basi akamega tonge, kiburi kikimsukuma. Akatafuna, mchanga ukalia, akatafuna tena, shingo ikatoka mishipa. Tonge halikushuka. Mzee wa pili alirudi nyuma hata akagonga ukuta. Wa tatu, Kitojo, aliyekuwa mdogo wao, akaanguka chini akishika miguu ya watu.

"Mimi sitaki kufa!" alilia. "Tulikula! Tulikula sisi!"

Akasema yote. Kila mwezi ulipoandama walichota mtama wakauficha ndani ya migolole, wakajazia makapi chini na kurudisha mtama juu, na walikula peke yao, hata wake zao hawakuonja. Na jana, mlango ulipofungwa, walichinja mbuzi wa mwisho wa Mrutu, wakakata ini vipande vitatu, kila mmoja akameza chake kibichi huku akisema siri yao, ili siri ikae tumboni isitoke. Ndipo wakapanga yale ya vyano viwili, chao kisitiwe udongo. Walimchagua Nanzia abebe lawama kwa sababu sauti yake ilikatika. Kikulacho ki nguoni mwako, watu walisema baadaye, lakini siku ile hawakusema. Waliwasukuma wazee watatu hadi ukingo wa nyika, Mrutu akiwa bado na shavu limejaa.

Waliporudi wakamkuta Nanzia pale pale, amemkumbatia bintiye. Mtu mmoja akauliza, "Na huyu?" Hakuuliza kwa ubaya. Sheria ni sheria, na konzi ni mtama kama mtama mwingine, na mtoto aliyelishwa ndiye yule pale. Watu waliangalia chini. Nanzia aliwatazama nyuso moja moja na akajua hofu ambayo hakuijua hata mbele ya chano, maana sasa walikuwa watu wema wanaotaka kufanya haki.

Ndipo akajitokeza Mkaguo, jirani yake, bibi aliyezika wajukuu wawili. Akachutama, akamega tonge la ule ugali wa makaburi.

"Konzi ya Nanzia," alisema. "Fungu langu hili." Akameza.

Watu walimtazama. Kisha mwingine akaja, akasema vile vile, akameza. Akaja mwingine. Walikula huku wanaogopa, maana nani alijua wafu watasemaje? Walikula hadi chano kikawa cheupe. Na aliyelishwa konzi ile sheria inasema afukuzwe, lakini sasa wote walikuwa wameila, na nani angebaki wa kuwafukuza? Wakapanda mtama kidogo waliokuwa nao. Mwaka ule ulikuwa mgumu, ila siku tatu zilipita na hakufa mtu.

Na tangu siku hiyo, kula kukapata kazi nyingi. Mtu akitakiwa kusema kweli, hula kiapo, na mdomo humkauka hata kama hajawahi kuiba sindano. Wabaya wakijifungia mlango, hula njama. Na hasara isiyolipika, watu huketi pamoja wakaila. Namche alikua, akaolewa, akazaa, na wanawe wakazaa. Sisi tulioketi hapa ni wa tumbo lile. Lau tonge moja lingebaki chanoni, nisingekuwapo wa kuwasimulia, wala nyinyi wa kunisikiliza.